Lugha ya Mwili Kwenye Mahojiano ya Kazi: Onyesha Heshima Bila Kuonekana Una Hofu



Umetuma maombi ya kazi mpaka umechoka kuhesabu. Halafu siku moja, ukiwa kwa matatu ama ukiosha vyombo, ujumbe unaingia: umealikwa kwa mahojiano Alhamisi, saa tatu asubuhi. Moyo unaruka. Unaazima viatu vya ndugu yako, unapiga shati pasi, unatafuta nauli, na usiku kucha unasoma kila kitu kuhusu kampuni hiyo. Majibu umeyapanga vizuri. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wengi wetu hatukipangi kabisa, nacho ni mwili utakaoyabeba hayo majibu.

Kwa kawaida hapa tunafundishana kuhusu pesa: jinsi ya kuweka akiba, kulipa bili, na kuepuka matapeli. Leo tunarudi nyuma hatua moja, kwa sababu pesa hazitumwi kabla ya kupatikana. Kwa vijana wengi wanaotusoma, mlango wa kuzipata ni ile meza yenye watu watatu ama wanne wanaokutazama.

Tuanze na kisa.

Jibu zuri lililosemwa kwa meza

Mmoja wa wenzetu kazini, ambaye ametukubalia tusimulie kisa chake bila jina, alilelewa na nyanya yake huko Kitui. Pale nyumbani sheria ilikuwa moja: mtu mzima akikuongelesha, unainamisha macho, unajibu polepole, na mikono inatulia. Mtoto wa kumkodolea mtu mzima macho alikuwa mtoto asiye na adabu. Alikua hivyo, akamaliza shule hivyo, akamaliza chuo hivyo.

Akaitwa kwa mahojiano ya kazi ya keshia. Jopo lilikuwa la watu wanne. Wakamuuliza, "Umewahi kufunga hesabu ukapata pesa zimepungua? Ulifanya nini?" Na jibu alikuwa nalo, tena la kweli. Alipokuwa kwa mafunzo ya kazini kwenye duka moja, jioni moja taslimu ilipungua kwa shilingi 3,000. Badala ya kunyamaza, alimwambia msimamizi hapo hapo, kisha akaketi akapitia jumbe za malipo moja baada ya nyingine. Saa moja baadaye akaliona kosa: kuna mteja aliyelipa kwa simu, lakini yeye akaandika kwamba amelipa taslimu. Kumbe pesa hazikuwa zimepotea, zilikuwa zimelala tu kwenye akaunti ya simu.

Kwa kazi ya keshia, ungetaka jibu gani zuri kuliko hilo? Lakini alilisema akiwa ameangalia meza, mikono ameibana katikati ya magoti, na sauti ikishuka kila alipofika mwisho wa sentensi. Hakupata kazi. Wiki mbili baadaye, mtu aliyemwelekeza kwenye nafasi hiyo alimpigia simu akamweleza kilichosemwa baada yake kutoka: jibu lilikuwa sawa, lakini walihisi kuna kitu anaficha.

Hebu fikiria. Mtu ameeleza vile alivyokuwa mwaminifu, akatoka pale akishukiwa kwamba si mwaminifu. Na kwa kazi ya kushika pesa za watu, shaka ndogo inatosha kukunyima nafasi.

Je, jopo lilikuwa sahihi?

Hapana, na tunataka uelewe hili kwanza ndio usianze kujilaumu. Watu wengi huamini kwamba asiyekutazama machoni anadanganya. Mwaka wa 2006, watafiti wa Marekani Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizohusisha zaidi ya watu 24,000 waliojaribu kutambua nani anasema kweli na nani anadanganya. Kwa wastani walipatia asilimia 54 tu. Ukirusha sarafu juu unapatia 50. Kwa hivyo macho kuangalia chini si ushahidi wa uongo. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, na kuona haya si kudanganya.

Shida ni kwamba Alhamisi saa tatu asubuhi huna nafasi ya kulifundisha jopo hayo yote. Unayeweza kumfundisha kabla ya siku hiyo ni wewe mwenyewe.

Kuna jambo jingine la kuweka sawa. Pengine umeambiwa kwenye semina fulani kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, na maneno ni asilimia 7 pekee. Hesabu hiyo inatokana na majaribio mawili ya mwaka wa 1967 ya Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Katika majaribio hayo watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, ama wakaonyeshwa picha za nyuso pamoja na sauti, kisha wakaulizwa kama msemaji anaonekana kupenda au kutopenda. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo inahusu hisia za namna hiyo, si kila mazungumzo. Ingekuwa kweli kwa kila kitu, ungeenda kwa mahojiano ya uhasibu ukatabasamu tu ukapewa kazi.

Kwa hivyo tusidanganyane: maneno yako ni muhimu, na vyeti vyako ni muhimu. Cha kubeba hapo ni kwamba maneno yakisema hivi na uso ukisema vile, msikilizaji huelekea kuamini uso. Hicho ndicho kilichompata mwenzetu.

Heshima ya nyumbani na heshima ya ofisini

Huenda ukauliza, kwani sasa tuache adabu tuliyofundishwa? La. Hebu angalia unavyotumia lugha. Kwa nyanya unaongea lugha ya mama, mtaani unaongea Sheng, na ofisini unaongea Kiingereza ama Kiswahili sanifu. Huachi kuwa wewe kwa sababu umebadilisha lugha. Mwili nao una lugha zaidi ya moja, na heshima inaweza kusemwa kwa kila mojawapo.

- Nyumbani, kuinamisha macho ni kusema "nakuheshimu." Kwenye mahojiano, kumtazama anayeuliza ni kusema "nakusikiliza, swali lako lina uzito."
- Nyumbani, sauti ya chini ni unyenyekevu. Kwenye mahojiano, sauti inayofika mwisho wa meza ni kumwondolea mwenzako kazi ya kukisia ulichosema.
- Nyumbani, mtu hajisifu mbele ya wakubwa. Kwenye mahojiano, kueleza ulichofanya ndicho ulichoitiwa, na ukikificha umewanyima habari waliyokuwa wakiitafuta.

Ukilielewa hilo, hatua zinazofuata hazitakuwa maigizo. Utakuwa unasema heshima ile ile kwa lugha ambayo chumba kile kinaielewa.

Hatua ya 1: Kabla hujaingia

Tenga nauli ya kwenda na kurudi usiku uliotangulia, na uongeze kidogo ya dharura, kwa sababu mvua ikinyesha nauli hupanda na barabara hufunga. Fika nusu saa mapema. Anayefika akikimbia huingia na jasho, pumzi fupi na macho ya kuhangaika, na hapo jopo tayari limeanza kumsoma.

Zima simu kabisa. Usiiweke kwa mtetemo, kwa sababu ujumbe wa pesa ukiingia, hata kama hutautoa mfukoni, macho yako yataenda huko.

Ukiwa umekaa unangoja, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo mara tano. Kutoa hewa polepole husaidia mapigo ya moyo kutulia, na hakuna atakayejua unafanya nini.

Kuna ushauri ulioenea sana kwamba ujifungie chooni dakika mbili, usimame miguu kando na mikono kiunoni kama shujaa wa sinema, eti homoni zako zitabadilika. Ulitokana na utafiti wa mwaka wa 2010 wa Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap. Mwaka wa 2015 watafiti wengine walirudia jaribio kama hilo na watu 200, na homoni hazikubadilika, ingawa washiriki walisema wamejihisi wana nguvu zaidi. Mwaka wa 2016 Carney mwenyewe alisema haamini tena kwamba mkao huo una athari hizo. Ukikupa moyo, simama hivyo. Lakini usiache kufanya mazoezi ya majibu ukitegemea mkao wa chooni.

Hatua ya 2: Mahojiano huanza langoni

Msalimie askari wa lango na ujaze kitabu cha wageni kwa utulivu. Msalimie dada ama kaka wa mapokezi. Ukiketi, keti wima, usijikunje juu ya simu. Huwezi kujua ni nani atapita hapo akiingia kwenye chumba utakachoitwa baadaye. Na hata kama hapiti mtu, mwili uliojikunja kwa nusu saa hautanyooka ghafla ukiitwa jina.

Hatua ya 3: Kuingia na kusalimia

Bisha, ngoja ukaribishwe, ingia, funga mlango polepole. Simama wima kisha upitishe macho kwa kila mmoja unapotoa salamu. Usiamkie mwenyekiti peke yake ukawaacha wengine.

Ukinyooshewa mkono, upokee kwa kiganja kizima, kwa nguvu ya kiasi, ukimtazama. Usinyooshe wako kwanza kuvuka meza ya watu wanne. Kama imani yako haikuruhusu kushikana mkono na mtu wa jinsia nyingine, weka kiganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, na utabasamu. Pwani na Kaskazini Mashariki watu wanalielewa hilo bila maelezo, na hata Nairobi ukilifanya kwa utulivu halina shida.

Ngoja uambiwe uketi, kisha sema asante.

Hatua ya 4: Kiti na mkao

Keti mpaka nyuma ya kiti, miguu yote miwili ikigusa sakafu. Ukiketi ukingoni utaonekana kama mtu anayetaka kukimbia, na ukilala nyuma utaonekana kama uko kwa sofa nyumbani. Begi liweke chini kando yako. Wengi hulipakata kama ngao bila kujua. Faili ya vyeti iweke mezani ikiwa imepangwa, ndio ukiulizwa cheti usianze kupekua.

Swali likiulizwa, sogea mbele kidogo. Na kama kiti ni cha kuzunguka, tafadhali usizunguke.

Hatua ya 5: Macho

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hivyo tuende polepole. Kutazama machoni si kukodoa. Fuata mpangilio huu:

- Anayeuliza anapouliza, mtazame yeye.
- Anza jibu ukimwangalia yeye.
- Katikati ya jibu, mpe kila mwanajopo sentensi moja.
- Malizia kwa aliyeuliza.

Kama macho ya mtu yanakulemea, tazama katikati ya nyusi zake. Kutoka upande wa pili wa meza ni vigumu kwake kutambua tofauti. Kuangalia kando kidogo unapofikiria ni kawaida, kila binadamu hufanya hivyo. Kinachokuponza ni kuangalia meza tangu mwanzo wa jibu hadi mwisho.

Hatua ya 6: Mikono

Iache ionekane, juu ya meza ama mapajani, viganja vikiwa vimelegea. Itumie kueleza jambo, lakini isipite mabega, na usimnyooshee mwanajopo kidole. Usishike kalamu, kwa sababu utaibofya. Usicheze na pete, nywele wala vifungo vya shati.

Mikono ikitetemeka, ishikanishe taratibu na uendelee kuongea. Karatasi iweke chini mezani, maana karatasi inayoshikwa na mkono unaotetemeka hufanya mtetemo uonekane mara mbili. Vivyo hivyo kwa glasi ya maji: ikiwa mkono haujatulia, acha maji kwanza.

Hatua ya 7: Sauti

Mahojiano mengi humu nchini hufanywa kwa Kiingereza, na kwa wengi wetu hiyo ni lugha ya pili ama ya tatu. Neno likipotea, mwili huanza kuomba msamaha: mkono unaenda kichwani, mabega yanapanda, "eeh, eeh" zinaanza. Badala yake nyamaza sekunde mbili, vuta pumzi, kisha tafuta neno rahisi zaidi. Kwako sekunde mbili ni ndefu kama mwaka, lakini kwa anayesikiliza zinaonyesha kwamba unafikiria.

Halafu maliza sentensi. Wengi wetu huanza kwa nguvu, na tunapofika mwisho sauti inazama. Bahati mbaya, mwisho wa sentensi ndipo penye habari kamili: kiasi, matokeo, ulichokifanya.

Hatua ya 8: Uso

Tabasamu unapoingia, tabasamu unapoaga, na katikati acha uso ufuate mazungumzo. Mwaka wa 1862 daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza kwamba tabasamu la furaha ya kweli hutumia pia misuli inayozunguka macho, si ya mdomo tu. Ndiyo maana tabasamu la kubandika hujulikana. Kwa hivyo usilazimishe. Ukiulizwa kwa nini uliachishwa kazi ama kwa nini ulikaa miaka miwili bila kazi, usicheke kwa woga. Kubali kwa kichwa kidogo, jibu kwa uso uliotulia.

Hatua ya 9: Swali la mshahara

Tunalitaja kando kwa sababu tunajua linavyotesa. "Ungependa kulipwa kiasi gani?" Papo hapo mtu anacheka, anajikuna shingo, anaangalia dari, kisha anataja kiasi kwa sauti ya kuuliza. Mwili umeshatangaza punguzo kabla hajaombwa.

Fanya hesabu nyumbani: kodi, nauli, chakula, mkopo wa HELB kama unao, na unachotuma nyumbani kila mwezi. Ulizia pia watu wanaofanya kazi kama hiyo wanalipwaje. Kisha siku yenyewe, mtazame aliyeuliza, taja kiwango chako kwa sauti ile ile uliyotaja jina lako, halafu unyamaze. Usijaze kimya hicho kwa kujipunguzia. Kama wana kiwango chao, watakuambia.

Hatua ya 10: Kuondoka

Kusanya vitu vyako bila haraka, washukuru ukiwatazama, rudisha kiti mahali pake. Usiwashe simu kwenye ujia wala kwenye lifti. Hata kama unahisi mambo yameharibika, tembea wima mpaka upite lango. Ukishapita, piga simu kwa mama, lia ukitaka, kunywa chai.

Kama mahojiano ni ya video

Siku hizi mahojiano mengi ya kwanza hufanywa kupitia Zoom ama Google Meet. Weka kamera ya simu usawa wa macho yako: iegemeze kwenye vitabu, usiishike mkononi. Mwanga uwe mbele yako, usikae ukiwa umepa dirisha mgongo, la sivyo utaonekana kivuli tu. Unapojibu, tazama kamera yenyewe badala ya uso ulio kwenye skrini, maana kwao hiyo ndiyo kutazamwa machoni. Nunua data ya kutosha mapema na uchaji simu kabla stima hazijaenda na zake.

Kama mwili wako una hali yake

Kuna watu ambao macho yao hayaoni, mikono yao hutetemeka kwa sababu ya ugonjwa, wana kigugumizi, ama kumtazama mtu usoni huwachosha kwa namna ambayo mazoezi hayaondoi. Hatua tulizoeleza si sheria ya kukuhukumu. Ukitaka, waeleze mapema kwa sentensi moja: "Mkono wangu hutetemeka kwa sababu ya hali ya kiafya, hauathiri kazi yangu." Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu na ya dini, na sehemu ya 5 ya Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamkataza mwajiri kufanya hivyo.

Wewe pia wasome wao

Mahojiano ni ya pande mbili, na kampuni yetu haiwezi kumaliza somo hili bila kusema hivi. Matapeli wanajua unavyoitamani kazi. Hukuita "mahojiano," hukusifu kabla hujajibu lolote, hukuharakisha, halafu wanaomba pesa kidogo tu: za kufungua faili, za sare, za daktari, za "kumwona bosi." Mwajiri wa kweli hakuombi umtumie pesa kwa simu ndio akuajiri. Ukiombwa, usitume. Nyanyuka, aga, ondoka. Na ukiitwa kwa mahojiano usiku ama kwenye chumba cha gesti, usiende.

Kama tayari umetuma, pigia huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia mara moja, maana kuchelewa hufanya iwe vigumu zaidi kuzirudisha, kisha uripoti kwa kituo cha polisi. Namba yako ya siri usimpe yeyote, hata akivaa suti na beji.

Zoezi la siku tatu

Siku ya kwanza: jirekodi kwa video ukijibu maswali mawili, "Tueleze kukuhusu" na lile swali moja unaloliogopa kuliko yote. Kisha tazama bila sauti. Andika mambo mawili tu unayotaka kubadilisha. Ukiandika kumi hutabadilisha hata moja.

Siku ya pili: rudia ukirekebisha hayo mawili. Safari hii funga macho usikilize sauti pekee. Je, mwisho wa kila sentensi unasikika?

Siku ya tatu: tafuta watu wawili ama watatu, waketi upande mmoja wa meza, wewe upande wa pili. Wawe watu unaowaheshimu, si marafiki wa kucheka nao tu, kwa sababu ni mbele ya watu wa kuheshimiwa ndipo macho yako yataanguka.

Mwenzetu alifanya zoezi hilo na nyanya yake, ambaye yeye humwita Susu. Alimweleza yote, hata yale maneno ya kwamba anaficha kitu. Susu alikasirika kwa niaba yake kwanza. Halafu akavuta stuli, akaketi, akamwambia amsimulie habari ya zile shilingi 3,000 kana kwamba yeye ndiye mwenyekiti. Msichana akaanza, na macho yakaenda chini kama kawaida. Susu akamgonga meza kidogo. "Niangalie tu. Mimi si moto."

Walirudia jioni tatu. Mahojiano yaliyofuata, kwa mwajiri mwingine, swali la kwanza halikuwa hilo aliloandaa, na anakiri kwamba macho yalianguka mara mbili. Mara zote mbili aliyainua. Lilipofika swali la uaminifu, alisimulia kisa kile kile, maneno yale yale, akimtazama aliyeuliza. Alipata kazi hiyo. Leo ni mmoja wa wale wanaoketi upande wa pili wa meza hapa kwetu, na akiona kijana anaongea akiangalia chini, huwa hamkati alama haraka. Humwambia apumue kwanza, kisha humuuliza swali tena.

Si kila jopo litakuwa na mtu kama yeye. Kwa hivyo anza zoezi leo jioni, usingoje ujumbe uingie.

Tunakutakia kila la heri Alhamisi.